Simu ya depo: gani itavumilia mvua, vumbi na siku tatu bila umeme?



Tangu msimu wa kahawa ufunguke, swali moja linarudi kwetu kila wiki. Limetoka Kalehe, limetoka Idjwi, limetoka hata kwa wenzetu wa mihogo kule Walungu: "Agronome, komite imetoa feza ya kununua simu ya depo. Tununue gani?" Na wengine wanaongeza palepale: "Sisi tunataka Android, kusudi tuwe sawa wengine."

Mimi nilisomea udongo na mimea, sikusomea simu. Lakini simu imekwisha kuwa chombo cha kazi yetu, sawa jembe, sawa mizani. Munajua wenyewe: matunda ya kahawa yaliyochumwa asubuhi yanapaswa kutolewa ganda siku hiyohiyo. Yakilala ndani ya mufuko yanaanza kuchacha, na mununuzi anashusha bei. Sasa fikirini ile siku mutunza-depo anatafuta kumwita mwenye gari saa tisa ya mchana, na simu ilizimika tangu asubuhi. Kilo zote za siku ile zinaharibika juu ya batri moja.

Jibu langu kwa depo ni hili: nunueni simu ya matushe, yaani ile ndogo ya kubonyeza, isiyo na kioo cha kugusa. Iwe na batri ya kutoa na kuweka kwa mukono, iwe na tochi, na ikamate rezo pale depo ilipo. Mara mingi bei yake iko kati ya dola 10 na dola 25. Android ina kazi yake, nitaifikia, lakini kazi yake haiko ku depo.

Batri kwanza

Juu ya kila batri kuna namba imeandikwa na herufi mAh. Ni kipimo cha umeme unaoingia ndani, sawa vile tunasema bidoni ya litre 5 ao ya litre 20. Simu ya matushe mara mingi iko na batri ya karibu mAh 1000. Android ya leo iko na 4000 ao 5000. Mutu akiona namba hizo anasema Android itakaa mara tano zaidi. Hapana. Bidoni ni kubwa lakini bomba lake nalo ni kubwa: kioo kipana, intaneti, programu zinazofanya kazi hata wakati simu iko mu mufuko wa suruali. Android inayotumiwa kweli inaomba umeme kila siku, ao kila siku mbili. Simu ya matushe, ukipiga na kupokea kwa kiasi, inakaa siku tatu, ine, hata wiki kama rezo ni nzuri.

Pigeni hesabu ya feza. Tuseme kwenu kuchaji mara moja ku nyumba ya chaji ni 500 FC. Android ya kila siku itakula 15.000 FC kwa mwezi. Simu ya matushe inayochajiwa mara mbili kwa wiki itakula karibu 4.500 FC. Tofauti ya mwaka mumoja inapita 120.000 FC, na hapo sijahesabu saa za mutu anayeshuka mulima na kupanda kila siku juu ya chaji. Wekeni bei ya kwenu, hesabu inabaki ileile.

Jambo la pili kuhusu batri ni kuzeeka. Batri zote za simu leo ni za lithiumu, na ndani ya nyingi kuna kobalti (zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia inatoka Congo yetu, kule Lualaba na Haut-Katanga, na sisi tunainunua tena kutoka Uchina ikiwa ndani ya kikopo). Baada ya kuchajiwa mara mia tatu mpaka mia tano, batri ya namna hii inapoteza sehemu ya nguvu yake. Ni kawaida, hata kwa simu ya bei kali. Kama batri inatoka kwa mukono, unatupa ile, unaweka ingine, simu inaendelea. Kama imefungwa ndani, sawa kwenye Android karibu zote za leo, lazima fundi, vyombo na gundi, na fundi wa kweli anapatikana Bukavu, hapatikani kila fasi.

Kwa sababu hiyo, mbele ya kulipa, fungueni mugongo wa simu na muangalie aina ya batri. Ile inayoitwa BL-5C ilitoka na simu za Nokia zamani, na leo inaingia ndani ya simu nyingi za mark zingine na hata ndani ya radio ndogo. Ndiyo maana inapatikana mpaka kwenye soko dogo la kijiji. Mukichagua simu inayokula batri hii, nunueni batri mbili palepale. Moja inafanya kazi, ya pili inangoja imejaa.

Tahadhari sasa juu ya uongo wa namba. Ku soko kuna simu kubwa zenye mipira pembeni, zinaitwa za nguvu, na juu ya batri wameandika 10.000 mAh ao zaidi. Namba yaweza kuwa kweli, yaweza kuwa wino tu. Kipimo ni uzito. Batri ya lithiumu ya mAh 1000 inapima karibu gramu 20. Basi batri ya kweli ya 10.000 haiwezi kuwa chini ya gramu 150, peke yake, bila simu. Chukueni BL-5C mukono mumoja, na batri ya ile simu ya sifa mukono wa pili. Ikiwa mumeambiwa ni mara kumi na mukono unasikia mara mbili, rudisheni.

Plake ya jua

Wengi kati yenu munachaji na plake. Plake ya watt 5, jua likiwa kali na imeelekezwa vizuri, inaweza kujaza batri ya 1000 kwa saa mbili ao tatu. Android ya 5000 itataka jua la siku nzima, na munajua siku nzima ya jua wakati wa mvua katika milima yetu ni adimu.

Kosa ninaloliona kila fasi: simu inawekwa juu ya bati, kando ya plake, chini ya jua lile lile. Batri ya lithiumu haipendi joto. Kupita digri 45 inazeeka haraka, inaweza hata kuvimba. Plake ikae juani, simu ikae kivulini. Uzi ukiwa mufupi, nunueni murefu.

Rezo ya kwenu, hapana ya Bukavu

Simu inayoshika vizuri Kadutu inaweza kuwa jiwe ku depo yenu. Hapa milima inafanya kazi mbaya. Mawimbi ya simu yanapita vibaya ndani ya mulima. Depo iliyo nyuma ya kilima inaweza kukosa rezo hata kama antene iko kilometre tatu, na ya kijiji kilicho ngambo ya ziwa, kilometre kumi na tano, ikashika vizuri kwa sababu hakuna kitu kinachofunga njia.

Kuna jambo lingine ambalo watu hawalijui. Simu ikisikia antene kwa mbali, inapiga kelele zaidi. Katika 2G inaweza kupandisha nguvu yake mpaka watt 2 wakati wa kuongea. Inapokosa rezo kabisa, inaendelea kutafuta, kutafuta. Ndiyo sababu mutu anasema "batri yangu inaisha na sikupiga hata mara moja". Na simu ya kadi SIM mbili, kama kadi moja haina rezo pale, inatafuta kwa ajili ya ile moja usiku na mchana. Zima ile kadi ndani ya simu mpaka siku utakayoihitaji, utaona batri inaongeza siku.

Kwa hiyo mbele ya kununua, fanyeni jaribio hili. Azimeni simu za matushe mbili ao tatu za wanachama, wekeni ndani Vodacom, Airtel na Orange, na mutembee nazo: ndani ya depo, mulangoni, ku stasio ya kuosha kahawa, ku shamba la mbali. Andikeni ni rezo gani inashika wapi. Kazi ya asubuhi moja, na itawapa jibu ambalo hakuna muchuuzi atawapa. Matokeo yakiwa rezo mbili zinashika kwa fasi tofauti, simu ya SIM mbili ina maana. Ikiwa moja tu inashika kila fasi, SIM moja inatosha.

Simu zinazotumwa na ndugu kutoka Marekani ao Ulaya, angalieni mara mbili. Zingine zimefungwa kwa kampuni ya kule na hazipokei kadi yetu. Zingine za zamani za Marekani zilitengenezwa kwa mawimbi ya 850 na 1900, na 2G ya kwetu iko juu ya 900 na 1800. Zawadi nzuri, lakini inabaki saa ya mezani.

Wengine wananiuliza kama 2G haitafungwa. Kule Marekani kampuni AT&T iliifunga mwaka wa 2017, na nchi zingine zinafuata. Kwetu vijiji vingi bado vinaishi na 2G, na simu ya leo itakuwa imezeeka mbele. Kama munapata ya matushe yenye 4G kwa bei ndogo, muzuri. Musilipe mara mbili juu yake.

Tushe tatu za feza

Mu 2003 Nokia ilitoa simu inayoitwa 1100, iliyofikiriwa kwa nchi sawa yetu: tochi juu, na matushe yaliyofunikwa kusudi vumbi lisiingie. Iliuzwa zaidi ya milioni 250 duniani. Haitengenezwi tena, lakini mafundisho yake yanabaki. Matushe yaliyo kipande kimoja cha mupira yanavumilia unga wa mihogo, udongo na jasho kuliko matushe ya plastiki yaliyoachana, ambayo vumbi linaingia katikati. Leo simu nyingi za matushe ku soko ni za itel na Tecno, zote mbili za kampuni moja ya Uchina, Transsion, na kuna Nokia mupya pia. Sina mark ya kuwauzia. Chagueni kwa mukono.

Na mukono ubonyeze wapi? Kila mutu anajaribu namba 1, 2, 3, anasema simu ni nzuri. Jaribuni nyota (*), dieze (#) na sifuri. M-Pesa, Airtel Money, Orange Money, zote zinafunguliwa na nyota mbele na dieze nyuma, na hazihitaji intaneti, 2G inatosha. Tushe ya dieze ikikufa, feza ya koperative iko pale lakini mulango haufunguki. Bonyezeni kila moja mara kumi. Isiyoitika mara moja kati ya kumi leo, haitaitika mara tano mwezi ujao.

Halafu pigeni *#06#. Itatokea namba ya tarakimu 15, ndiyo IMEI, kitambulisho cha simu. Munakumbuka RAM, ile iliyokuwa inakata unite zetu tangu 2020 mpaka ikaondolewa mu 2022? Ilitambua simu kwa namba hiyo. Linganisheni namba ya kioo, ya kartoni, na ile iliyobandikwa chini ya batri. Zisipolingana, simu hiyo ni ya kubandikwa ao ya kuibwa. Andikeni IMEI katika kitabu cha koperative pamoja na tarehe na bei.

Pale ku duka, pigieni mwenzenu aliye kando ya moulin inayosaga, kusudi mujue kama sauti inasikika. Waheni tochi. Sikilizeni radio, simu nyingi hazikamati radio bila waya ya masikio, kwa sababu waya ndiyo antene yake.

Maji na matope

Kuna simu zinazoandikwa IP67 ao IP68. Tarakimu ya kwanza ni vumbi: 6 maana yake vumbi haliingii. Ya pili ni maji: 7 maana yake ilizamishwa metre moja kwa dakika 30 na haikuingiza maji. Lakini jaribio lilifanywa na maji safi, simu ikiwa mupya. Mupira unaofunga unazeeka, na simu ikianguka juu ya jiwe mara mbili, usitegemee tena ile namba. Karibu simu zote za dola 15 hazina IP hata kidogo, na sioni sababu ya kulipa dola 80 kwa ajili yake. Mufuko wa plastiki uliofungwa vizuri, ndani ya mufuko wa shati, umesaidia simu nyingi kuvuka Idjwi kwa mutumbwi.

Ikianguka ndani ya maji: toeni batri mara moja, musijaribu kuiwasha "kuona kama inafanya kazi". Hapo ndipo inapokufa, umeme ukipita ndani ya maji. Toeni kadi SIM, futeni, acheni simu wazi kivulini penye upepo siku mbili. Muchele munaousikia unasifiwa hauleti ajabu yoyote, unaingiza unga tu. Upikeni.

Sasa neno la kazi yangu. Mutu anayenyunyiza dawa ku shamba asibebe simu ya koperative. Anapokea appel na mukono uliolowa dawa, anaweka simu ku shavu, karibu na mudomo. Jioni simu hiyo hiyo inashikwa na mutoto. Tunasema sana juu ya glovu na maski, na simu tunaisahau, wakati ndiyo inabeba dawa mpaka nyumbani. Acheni simu mbali, oga mikono na sabuni, ndipo ushike.

Android ni ya nani?

Ni ya sekretere, ao ya mutu mumoja wa komite anayekaa fasi yenye umeme. Picha ya jani la muhogo lenye mosaiki, picha ya mugomba uliokatwa na kutoa yale maji ya manjano ya mnyauko, hiyo inatusaidia sana sisi agronome kuliko maelezo ya dakika kumi. Mununuzi wa kahawa naye anatuma karatasi zake kwa WhatsApp. Kwa kazi hizo Android moja kwa koperative inatosha. Ile ya depo iendelee kupiga, kupokea na kulipa.

Tena, simu ya dola 15 haimvutii mwizi sawa ya dola 150. Wale wanaotembea na feza za msimu njiani wananielewa.

Namba ni ya nani?

Hapa ndipo koperative zinaumia, na simu yenyewe haina kosa. Nimekuta depo ambapo kadi SIM iliandikishwa kwa jina la mutunza-depo, kwa karte yake ya kura. Alipoacha kazi aliondoka na namba. Wanunuzi wote waliijua namba ile, na feza zilizobaki ndani zilikuwa, mbele ya kampuni, feza yake. Komite iliongea naye miezi mingi.

Mbele ya kununua simu, komite iulize ku agence ya kampuni kama koperative inaweza kuandikisha namba kwa jina lake, na karatasi zake za sheria. Ikishindikana, andikisheni kwa jina la rais ao la mutunza feza, na mutengeneze karatasi yenye sahihi za komite nzima, inayosema namba na feza ndani yake ni za koperative. Mukibadilisha komite, namba nayo ibadilishwe jina wiki hiyohiyo. Namba ya siri ya feza isiandikwe nyuma ya simu (nimeiona, na kalamu ya bluu), wala isiambiwe mutu wa cabine anayejifanya kusaidia. Na jioni ya siku ya kununua mazao, mutunza-depo asome salio mbele ya shahidi mumoja, waliandike ku kitabu.

Kuhusu batri za zamani

Batri iliyovimba sawa tumbo la chura, hata kama bado inawasha simu, itoeni. Musiitoboe, musiitupe ndani ya moto, inaweza kupasuka. Musiizike ku shamba wala kuitupa ndani ya shimo la mboleo. Wekeni zile mbovu ndani ya kopo la chuma lenye kifuniko, mbali na nyumba na mbali na mafuta, na kipande cha skochi juu ya vidude vya shaba kusudi visigusane. Mutu akishuka Bukavu, azipeleke kwa fundi wa simu anayekusanya. Mwenye kutunza kopo achaguliwe na komite, jina lake liandikwe ku mulango wa depo.